Sensa ya friji ya mvinyo imezingua: uweke orijino, ya Kariakoo, kontrola ya nje au ubadili bodi nzima?

Nianze na jibu kabisa kwa mwenye haraka. Friji yako ya mvinyo kama ni ya kompresa, ina chumba kimoja, na umeshapima ukajiridhisha kwamba kilichokufa ni sensa inayosoma joto, weka sensa ya kawaida ya NTC (ukinzani wake unabadilika kufuata joto), zinapatikana Kariakoo kwenye maduka ya spea za friji na viyoyozi, cha msingi iendane na bodi yako, yaani saketi inayoongoza friji, na hapo chini nitaeleza unajuaje. Kama ina vyumba viwili, kile cha waini nyeupe na kile cha nyekundu, jitahidi upate orijino. Kontrola ya nje, yaani kifaa cha pembeni kinachokata na kuwasha umeme wa friji kulingana na joto, ni ya mtu ambaye bodi yake haieleweki tena. Bodi nzima iwe ya mwisho kabisa, na usikubali kuuziwa bodi na fundi ambaye hujamwona akitoa mita ya kupimia umeme. Zile ndogo za Peltier, zinazopoza kwa kipande cha umeme bila kompresa, zina habari yake peke yake, nitazifikia.

Nalisemea sana hili kwa sababu Dar mtu akiona friji haipoi jibu la kwanza analopewa ni gesi, la pili ni bodi, na yote mawili ni hela ndefu, wakati sensa yenyewe ni kitu kidogo kama punje ya maharage kwenye ncha ya waya mbili na ni cha bei rahisi kuliko vyote vilivyomo humo ndani. Kuna mama ana mgahawa Mikocheni, alinipigia friji yake inaonyesha 19 na haishuki, fundi ameshakuja kasema gesi imeisha. Akaniuliza "mwanangu, nimpe hela ajaze?" Nikamwambia "subiri kwanza mama, hebu fungua ushike chupa za chini." Akasema zina barafu, na moja kizibo kimeanza kupanda. Sasa friji iliyoishiwa gesi inagandishaje chupa? Mvinyo wa asilimia 12 unaanza kuganda karibu na digrii 5 au 6 chini ya sifuri, kwa hiyo hiyo friji ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, ila macho yake yalikuwa yanaona joto ambalo halipo. Tulipofungua kile kifuniko cha plastiki chenye vitundu kwenye ukuta wa nyuma, ile gundi nyeusi inayofunika ncha ya sensa ilikuwa imepasuka na shaba ndani imeota ukijani. Unyevu tu. Na mji huu una unyevu na hewa ya chumvi, wa Masaki, Mbezi Beach na Kigamboni wanajua koneta zinavyoliwa.

Kabla hujalinganisha njia za kutengeneza elewa kwanza sensa inadanganya upande gani, maana hapo ndipo unaokoa hela. NTC ni kizuizi cha umeme ambacho kikipata joto ukinzani unashuka na kikipata baridi ukinzani unapanda. Kwa hiyo unyevu ukiingia kwenye ncha umeme unapata njia ya mkato, ukinzani unashuka, bodi inadhani kuna joto, kompresa inakimbia bila kupumzika na chupa zinaganda. Hiyo ndiyo ya yule mama. Upande wa pili, koneta ikishika kutu au waya ukikatika nusu ukinzani unapanda, bodi inadhani kuna baridi kali, kompresa haiwaki au inawaka kwa kujivuta na mvinyo unachemka. Waya ukikatika kabisa au ukigusana kabisa bodi nyingi zinajua na zinakuandikia E1 au E2, au HH na LL kwenye nyingine, ila hizi alama za kosa zinatofautiana kwa kila modeli kwa hiyo angalia kitabu cha friji yako na sio cha jirani. Kuna na kesi ya tatu inayochanganya watu, displei inaonyesha umeshafika 12 safi kabisa lakini kompresa bado inanguruma tu haizimi, hiyo usiguse sensa, hapo relei kwenye bodi, ile swichi inayowasha kompresa, imeganda.

Kupima sio kazi kubwa. Chomoa friji kwenye umeme, chomoa koneta ya sensa kwenye bodi (usipime ikiwa imechomekwa maana bodi ina vizuizi vyake vitakuharibia namba), weka mita kwenye ohms, shika ile ncha kwa vidole. Namba inatakiwa ishuke taratibu, bila kurukaruka. Ikiruka au ukitikisa waya ikabadilika, umeshampata mwizi. Halafu ponda barafu kwenye kikombe, weka maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha, subiri dakika kadhaa mpaka namba itulie, hapo una sifuri ya uhakika. Sensa nyingi za humu ni za kilo-ohm 10 kwenye nyuzi 25, na kwenye barafu zinatakiwa zisome kati ya 27 na 33, inategemea aina. Ikisoma 12 kwenye barafu hiyo ni ya kutupa. Kama friji ina vyumba viwili kuna njia rahisi kuliko zote, badilishanisha koneta za sensa ya juu na ya chini kwenye bodi, ugonjwa ukihama na sensa basi ni sensa au waya wake wa ndani, ugonjwa ukibaki palepale ni bodi.

Sasa tuzilinganishe.

Sensa orijino faida yake unaijua, inaingia moja kwa moja, koneta ni ileile, urefu wa waya uleule, ncha inakaa kwenye kishikio chake na displei inasema ukweli kuanzia siku ya kwanza. Shida ni kuipata. Friji nyingi za mvinyo zilizopo mjini zimeingia moja moja, nyingine zimekuja na kontena la mtu aliyehama, na wauzaji wa hapa wana friji lakini spea hawana, kwa hiyo unaagiza nje kwa namba ya modeli iliyo kwenye stika ya nyuma au ya ndani ukutani na unasubiri wiki kadhaa. Nyingine haiuzwi peke yake, wanakuuzia na feni au na paneli nzima ya nyuma. Na kuna jambo watu hawaliwazi, hata ukiwa na orijino mkononi waya wa ile ya zamani mara nyingi umepita ndani ya povu la ukuta hauvutiki, kwa hiyo mwisho wa siku utaikata ya zamani pale inapotokezea ndani ya kabati na kuunga mpya hapohapo. Yaani ile "inaingia moja kwa moja" inabaki nusu. Kwa hiyo kwangu mimi orijino ni kwa mwenye friji ya vyumba viwili, kwa sababu bodi inalinganisha vyumba na kugawa baridi kwa kuwasha na kuzima feni, sensa mbili zikitofautiana digrii mbili chumba kimoja kinamnyonya mwenzake, au kwa friji ambayo bado ina waranti, hiyo usiifungue kabisa, rudisha ulikonunua.

Sensa ya Kariakoo ndiyo ninayoipenda, lakini hapa ndipo watu wanapoumia kwa sababu wanaingia dukani wanasema "nipe sensa ya friji" wanapewa yoyote. Zipo za kilo-ohm 5, zipo za 10, na hata hizo za 10 zinatofautiana namba ya B (inayoonyesha ukinzani unabadilika kiasi gani joto likibadilika), 3435 na 3950 ndizo utakazokutana nazo sana. Ukiweka ya 10 kwenye bodi inayotaka 5, chumba kikiwa na joto la 30 displei itakwambia 15 hivi, na ukiwa umeset 16 kompresa haiwaki milele, unabaki unamlaumu fundi. Ukifanya kinyume, ya 5 kwenye bodi ya 10, mvinyo ukiwa 10 displei inasema 25 na friji inakimbia mpaka chupa zipasuke. Kosa la B ni dogo zaidi, sensa ya 3435 kwenye bodi ya 3950 inakupa uongo wa kama digrii 2, inasoma 12 wakati ukweli ni 10, hilo unaweza kuishi nalo ukijua upo nalo, unapandisha seti digrii mbili maisha yanaendelea.

Unajuaje bodi yako inataka ipi wakati sensa ya zamani imekufa na haina maandishi? Nenda kwa mafundi redio ununue ile wanayoiita volyumu (kizuizi cha kuzungusha), ya kilo-ohm 50, unganisha miguu miwili, wa katikati na mmoja wa pembeni, kwenye koneta ya sensa badala ya sensa, washa friji, zungusha taratibu mpaka displei iandike 10, kisha zima, chomoa, pima hiyo volyumu ilipoishia. Ukikuta karibu 20 bodi ni ya 10 yenye B 3950, ukikuta 18 na kitu ni 3435, ukikuta kama 10 basi bodi yako ni ya kilo-ohm 5. Rudia na namba nyingine ya displei uhakikishe. Hiki kipimo kinakuonyesha pia kama bodi ni nzima, maana ukizungusha na displei haisogei, au inaruka hovyo, sensa haikuwa na kosa. Naomba uifanye hii hata kama fundi anakuona unachelewesha kazi, maana ndiyo inayotenganisha kutengeneza na kubahatisha.

Dukani chagua ile yenye ncha ya chuma iliyozibwa vizuri, achana na ile tone tupu la gundi, unyevu wa hapa utaimaliza tena. Ukiunga, pacha waya, choma risasi, vika kila waya mpira wake unaonywea ukipashwa moto, halafu funika yote kwa silikoni au mpira mwingine wenye gundi ndani, kwa sababu kiungo kipo ndani ya kabati la baridi na kila mlango ukifunguliwa hewa ya nje inaingia inageuka maji. Kiungo cha kusokota na selotepu kitakuletea ugonjwa uleule wa mwanzo. Na usitoboe ukuta wa nyuma kutafuta njia ya waya! Nyuma ya ile plastiki kuna mabomba ya baridi, na friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi ya R600a ambayo inashika moto, ukitoboa bomba umeua friji na umejitafutia hatari ndani ya nyumba.

Kontrola ya nje sasa. Hapa nazungumzia vitu kama STC-1000 ya volti 220, ina relei ya ampea 10 na sensa yake mwenyewe, au zile zilizokuja na plagi na soketi tayari kama Inkbird ITC-308 ambazo huhitaji kuunga chochote. STC inakuja tupu, nyuma ina skrubu zenye umeme wa nyumba, lazima uiweke kwenye kisanduku na uweke fyuzi, kama huna uzoefu tafuta fundi umeme. Uzuri wake ni kwamba haijali bodi yako inataka sensa gani, unaset F1 joto, F2 tofauti ya joto inayoruhusiwa kabla kompresa haijawaka, F3 dakika za kupumzisha kompresa kabla haijawaka tena, F4 ya kusahihisha usomaji. Kwa friji ya mvinyo mimi naweka F1 kwenye 12 au 13, F2 kwenye 1.5 au 2, F3 dakika 5, na ncha ya sensa naitumbukiza kwenye kichupa kidogo cha maji kilichokaa katikati ya rafu, maana ukiining'iniza hewani kila mlango ukifunguliwa kompresa inashtuka.

Lakini wanaokuuzia hawakwambii kwamba bodi ya friji bado ipo na bado inaona sensa mbovu. Ukichomeka tu friji kwenye kontrola bodi itaendelea kuandika E1 na kompresa haiwaki. Lazima uidanganye, utoe sensa mbovu uweke kizuizi cha kawaida cha kilo-ohm 10 (kama bodi ni ya 10), bodi inaamini kuna nyuzi 25 muda wote, inaomba baridi muda wote, na kontrola ya nje ndiyo inayokata na kuwasha umeme. Displei itabaki inasema 25 daima, mwambie kila mtu wa nyumbani la sivyo kila mgeni atakuwa fundi. Na kabla hujanunua fanya jaribio hili la bure: chomoa friji kwenye soketi, subiri dakika 5, chomeka. Ikiwaka yenyewe na kuendelea kupoza, sawa. Ikibaki inasubiri ubonyeze kitufe, njia hii haikufai, labda fundi aipitishe relei moja kwa moja kwenye kompresa na kuiacha bodi pembeni. Kingine, umeme ukikatwa na kontrola feni ya ndani na taa navyo vinazima, hewa haizunguki, chupa za juu zinakuwa na joto kidogo kuliko za chini. Na kisanduku cha kontrola kikae nje ya friji, sehemu ya wazi, kisiwe ndani wala kule chini kwenye kompresa, relei inatoa cheche na nimeshasema kuhusu R600a.

Ukiniuliza kati ya sensa ya Kariakoo na kontrola, bodi ikiwa nzima nachukua sensa bila kufikiria mara mbili, kwa sababu friji inabaki friji, mtu yeyote anaweza kuitumia. Bodi ikiwa imekufa sehemu ya kusoma joto lakini bado inaweza kuwasha kompresa, nachukua kontrola, na kwa friji ya chumba kimoja inafanya kazi vizuri tu miaka na miaka. Kwa vyumba viwili kontrola moja haitoshi, utapata joto moja kwa friji nzima. Kama unahifadhi nyekundu nyingi na nyeupe kidogo hiyo sio mbaya, 12 au 13 ni joto zuri la kutunza aina zote, nyeupe unaipeleka friji ya kawaida saa mbili kabla ya kunywa.

Bodi nzima sina mengi. Inunuliwe pale ambapo volyumu imeonyesha bodi haisomi, au ukipima kwenye pini za sensa ikiwa imechomolewa hupati volti yoyote (nyingi zinatoa 5, nyingine 3.3), au relei imeganda na kuibadilisha peke yake kumeshindikana, au ukifungua unakuta sisimizi na mjusi wameungua humo. Kumbuka relei peke yake ni kipande cha kuchomoa na kuchoma risasi, fundi mzuri wa redio anaiweza, usibebe bodi mpya kwa sababu ya relei. Na bodi lazima iwe ya modeli yako hasa, hata koneta ikiingia jedwali la sensa ndani ya programu linaweza kuwa tofauti, ukarudi kulekule kwenye 15 na 30.

Zile za Peltier. Hizi ndogo za chupa 8 au 12, zipo kimya, nyuma unasikia feni tu. Kabla hujagusa sensa jua kwamba hii teknolojia inashusha joto kama digrii 15, ikibahatika 20, chini ya joto la chumba, zaidi ya hapo haiwezi. Sasa Februari Dar sebuleni bila kiyoyozi ni 31, 32, friji itaishia 14 au hata 17 na wewe umeset 11, unaona namba haishuki unaita fundi. Hakuna kibovu hapo. Washa kiyoyozi chumba kifike 24 uiache usiku mzima, ikishuka ujue sensa ni nzima. Safisha na vumbi kwenye feni ya nyuma, na isogeze mbali na ukuta, inabadilisha mambo kuliko unavyodhani. Kama kweli sensa imekufa, weka sensa inayolingana tu kwa kipimo kilekile cha volyumu. Kontrola ya nje siipendekezi kwa hizi, kwa sababu Peltier ukiikatia umeme ule moto wa nyuma unarudi ndani kupitia kipande kilekile kilichokuwa kinapoza, joto linapanda haraka, na bodi zake nyingi zimetengenezwa zipunguze nguvu taratibu, kukata na kuwasha ghafla sio mwendo wake.

Yule mama wa Mikocheni tuliishia sensa ya Kariakoo, ya 10 yenye B 3950, ncha ya chuma, na gesi yake hatukuigusa. Ukimaliza yako usiiamini displei siku hiyohiyo. Weka kipimajoto ndani ya chupa ya maji katikati ya rafu, iache mpaka kesho yake, ndipo ulinganishe, na tofauti ikiwa digrii moja acha kama ilivyo. Na chupa zako za Dodoma au za Afrika Kusini unaposubiri spea, zilaze kwenye chumba chenye giza na chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani, au friji ya kawaida kwa wiki chache hazitadhurika, ila usiziache ndani ya friji mbovu inayoganda na kuyeyuka, hiyo ndiyo inayosukuma vizibo.